Sinki Liko Mbali, Mgonjwa Yuko Karibu

Mtazame muuguzi wa zamu ya asubuhi kwa dakika tano tu. Anamgeuza mgonjwa, anainua reli ya kitanda, anatoa kalamu mfukoni ajaze chati, na mara dripu ya kitanda cha pili inaanza kurudisha damu, inambidi akaizibue kanula. Kati ya chati na kanula mikono yake haina damu, haina usaha, wala hainuki. Lakini ndipo vijidudu vilivyokuwa kwenye reli na shuka vinapopata njia ya kuingia kwenye mshipa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 umetaja nyakati tano za kutakasa mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi kama kuweka kanula au katheta, baada ya hatari ya kuguswa na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuzikariri kwa siku moja. Hata hivyo, mwongozo huohuo ulipokusanya tafiti za nchi mbalimbali, ulikuta wastani wa utekelezaji haufiki asilimia 40.

Jibu la haraka ni kwamba wauguzi ni wazembe au hawajaelimishwa, na dawa yake ni semina na bango jipya. Ushahidi hauungi mkono lawama hiyo. Katika utafiti wa hospitali ya chuo kikuu cha Geneva uliochapishwa mwaka 1999, wauguzi walitakasa mikono kwa asilimia 52 ya mara zilizohitajika, na madaktari, wenye miaka mingi zaidi darasani, asilimia 30. Kama elimu ndiyo ingekuwa tatizo, takwimu hizo zingegeuka. Tena, kadiri kazi ilivyozidi kuhitaji mikono kutakaswa mara nyingi kwa saa, ndivyo utekelezaji ulivyoshuka. Katika vyumba vya wagonjwa mahututi ulikuwa asilimia 36. Yaani mikono ilisahaulika pale pale mgonjwa alipokuwa dhaifu zaidi, kwa sababu ndipo muuguzi alipozidiwa.

Tufanye hesabu. Kunawa ipasavyo kwa maji na sabuni huchukua sekunde 40 hadi 60, bila kuhesabu mwendo wa kwenda kwenye sinki na kurudi. Mwaka 1997 watafiti wawili walikadiria kwamba katika chumba cha wagonjwa mahututi chenye wauguzi 12, kunawa kila inapotakiwa kungemeza saa 16 za kazi yao katika zamu moja. Kwa kitakasa mikono chenye kileo kilichowekwa kando ya kitanda, ni saa 3 hivi. Geneva walifuata njia hiyo: kati ya 1994 na 1997 utekelezaji ulipanda kutoka asilimia 48 hadi 66, na wagonjwa wenye maambukizi ya hospitalini wakapungua kutoka asilimia 16.9 mwaka 1994 hadi 9.9 mwaka 1998. Haki ni kusema kwamba hakukuwa na kundi la kulinganisha, hivyo chupa ya kitakasa haistahili sifa zote.

Msomaji atasema: hiyo ni Uswisi. Basi twende Bamako, Mali, hospitali ya Point G, ambako kitakasa kilitengenezwa hapohapo nchini kwa kileo cha miwa. Utekelezaji ulipanda kutoka asilimia 8 hadi 21.8. Ni kidogo, ndiyo, lakini umekaribia kuongezeka mara tatu, tena mahali ambapo kungoja mabomba mapya kungechukua miaka. Kuna pia suala la imani: wapo Waislamu wanaoona uzito kutumia kileo. Baraza la Fiqhi lililokutana Makka Januari 2002 liliruhusu dawa zenye kileo kwa matibabu na usafi. Wala kitakasa hakifuti sabuni. Mikono yenye uchafu unaoonekana lazima ioshwe kwa maji, na kwa mgonjwa anayeharisha kutokana na bakteria wenye mbegu ngumu kama *Clostridioides difficile*, kileo hakiui mbegu hizo. Huondolewa kwa kusuguliwa na kusuuzwa. Glavu nazo, ambazo wengi huzitegemea mno, zikitoka kitanda hiki hadi kile bila kubadilishwa zinakuwa ngozi ya pili chafu ambayo mwenyewe haihisi.

Mtu akibishana nami kwamba haya yote ni visingizio, swali langu ni jinsi anavyopima utekelezaji. Msimamizi akisimama mlangoni na daftari, mikono inatakaswa; akienda kunywa chai, sijui. Chupa zinazomalizika kwa kila wodi zinasema ukweli zaidi, ingawa hazisemi nani alitumia wala kwa wakati gani. Wodi yenye wagonjwa 30 isiyomaliza chupa moja kwa mwezi ina jambo la kuzungumza na wauguzi wake. Na ile iliyomaliza zote wiki ya kwanza, ikakaa wiki tatu bila kupata nyingine, maswali yaanzie stoo.