Utando wa Kuchovya, Chumvi Ndiyo Fundi

Mtafiti hukichovya kipande cha silikoni kwenye bika yenye polima ya chaji chanya iliyoyeyushwa majini. Baada ya dakika chache hukitoa, hukisuuza, kisha hukitia kwenye bika ya pili yenye polima ya chaji hasi. Husuuza tena, akaanza upya. Mwanzoni macho hayaoni kitu. Utando ukifika unene wa nanomita 50 hivi, silikoni huanza kuwa ya hudhurungi. Ukikaribia 100 huwa zambarau, na ukizidi kidogo hugeuka buluu. Hakuna rangi iliyotiwa. Ni mwanga unaorudi kutoka juu ya utando ukikutana na ule unaorudi kutoka chini yake. Unywele wa binadamu, kwa kulinganisha, una unene wa nanomita 80,000 hivi.

Njia hii ilishika mizizi mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchini Ujerumani, kwa kazi ya Gero Decher na Jong-Dal Hong. Mwaka 1966 Ralph Iler wa kampuni ya DuPont, Marekani, alikuwa ameshaonyesha kwamba chembe zenye chaji zinaweza kupangwa tabaka kwa tabaka, ila wazo lake halikupata wafuasi wengi.

Kwa nini ujenzi haukomi kwenye tabaka la kwanza? Mnyororo wa polima una chaji nyingi, na unapotua si zote zinazopata mwenzi. Zinazobaki hugeuza uso uliokuwa hasi ukawa chanya. Hapo polima ileile hufukuzwa, na ya pili hukaribishwa.

Wengi hudhani mvutano wa chaji ndio unaofanya kazi yote. Sivyo. Majini, kila polima huzungukwa na ayoni ndogo zinazosawazisha chaji yake. Polima mbili zikishikana, ayoni hizo huachiliwa zikatawanyika, na mtawanyiko huo ndio unaotoa sehemu kubwa ya msukumo.

Michoro ya vitabuni huonyesha tabaka zilizonyooka, kila moja na mpaka wake. Vipimo vya nyutroni vimekanusha picha hiyo. Watafiti walibadilisha haidrojeni kwa deuteri, yaani haidrojeni nzito, kwenye tabaka chache ili zionekane, wakakuta kila tabaka limeingia ndani ya majirani zake. Wakati mwingine mchanganyiko huzidi hapo: polilisini ikijengwa pamoja na asidi ya haialuroniki, huzama hadi ndani ya utando na kutoka tena, na unene hukua kwa kasi inayoongezeka kila mzunguko.

Lakini mwenye kauli kubwa kuliko wote ni chumvi. Kwenye maji yasiyo na chumvi, mnyororo hunyooka kwa sababu chaji zake husukumana, na tabaka huwa jembamba mno. Chumvi ikitiwa, msukumano hupungua, mnyororo hujikunja, tabaka hunenepa. Ikizidi sana, ayoni zake hupokonya nafasi kati ya polima hadi utando kulainika, na baadhi ya tando huyeyuka kabisa. Maji nayo yana lao: utando mkavu ni mgumu na hupasuka, uliolowa hunyumbulika.

Tabia hizi zimeleta matunda. Mwaka 1998 watafiti nchini Ujerumani walifunika chembe kwa tabaka hizo, wakaiyeyusha chembe ya ndani na kubaki na kapsuli tupu inayoweza kubebeshwa dawa. Uholanzi, vichujio vya maji vilivyojengwa kwa njia hiyo vimeshaingia sokoni.

Pwani ya Afrika Mashariki haiko mbali na habari hii. Mwani unaolimwa Zanzibar, hasa na wanawake, hutoa karajinani, polima ya chaji hasi. Magamba ya kamba hutoa kitini, inayotengenezwa kuwa kitosani, polima ya chaji chanya. Polima hizo mbili zimeshajengwa tabaka kwa tabaka maabarani ng'ambo. Mwani mwingi wa Zanzibar bado husafirishwa ukiwa mkavu, bila kusindikwa. Vyuo vikuu vyetu viwape wanafunzi wa kemia kazi hii sasa. Malighafi iko ufukweni, na vifaa vya kuanzia ni vya kawaida.