Kesho Yake, Wageni Wakishaondoka

Safari ya wafadhili huanza na swali la mizigo. Kundi la watu kumi na watano kutoka Marekani au Ujerumani linajiandaa kuja Tanzania kuwaona watoto wanaowafadhili, na kila mmoja anauliza: nibebe nini? Mratibu mzoefu huwauliza swali lake: kesho yake, gari likishaondoka, mtoto atabaki na nini? Ukilishika swali hilo, masharti ambayo wageni wengi huyaona kuwa urasimu yanaanza kueleweka.

Uhusiano wa mfadhili na mtoto ulijengwa juu ya barua. Mwaka 1937, Hispania ikiwa vitani, mwandishi wa habari Mwingereza John Langdon-Davies alianzisha shirika ambalo leo ni Plan International. Alitaka mtoto mmoja awe na mtu wake mmoja wa mbali, waandikiane. Mashirika mengine yakafuata njia hiyo. Sasa, barua hupita mikononi mwa watu: kuna anayeisoma, anayeitafsiri, anayeshtukia ahadi isiyofaa au namba ya simu iliyopenyezwa. Ana kwa ana, chujio hilo halipo. Neno likishatoka limetoka.

Kwa hiyo masharti ya ziara ndiyo chujio. Mgeni hutakiwa kuleta cheti cha polisi cha nchini kwake. Haachwi peke yake na mtoto. Hatoi anwani wala kuomba namba ya mama. Picha haitumwi mtandaoni ikiwa na jina la mtoto na la kijiji, maana vitu hivyo viwili vinatosha kumwonyesha mtu baki njia ya kufika mlangoni.

Tarehe nayo ina hesabu zake. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, barabara nyingi za vijijini hazipitiki. Septemba darasa la saba wana mtihani wa taifa. Juni inafaa: mvua zimekwisha, shule zinafunga, na huko Ulaya na Marekani likizo ndefu zinakaribia au zimeanza.

Karatasi ni chache, ila hazina mzaha. Viza ya utalii haimruhusu mtu kufanya kazi, hata ya kujitolea, kwa hiyo kundi linalotaka kupaka rangi darasa liulize vibali mapema. Anayetokea nchi yenye homa ya manjano, Kenya ikiwemo, aje na kadi ya chanjo, na chanjo hiyo huchomwa siku kumi kabla ya safari au zaidi. Zawadi zisifungwe kwenye mifuko ya plastiki. Tanzania iliipiga marufuku Juni 2019.

Zawadi ndizo zinazotibua mambo. Mtoto anayefadhiliwa ana ndugu, na ndugu wana majirani. Kishikwambi kinachomwangukia mmoja kati ya watoto sita kitaleta ugomvi kabla jua halijazama, na huenda wiki ijayo kikawa sokoni. Mpira huchezwa na mtaa mzima. Madaftari na mchele vikinunuliwa kwenye duka la pale pale, fedha inabaki kijijini na mizigo inapungua. Fedha taslimu hazipiti mkononi mwa mtoto. Zikiwepo, kituo kinachomhudumia mtoto na mlezi wake huzipokea kwa maandishi.

Kuna gharama nyingine asiyoiona mgeni. Mama akisikia Mzungu anakuja, atachinja kuku aliyekuwa akitaga, ataazima viti, pengine atakopa sukari. Wakija watu kumi na watano, deni linakuwa la msimu mzima. Ndiyo maana vituo vingi huwakutanisha wageni na watoto mahali pamoja, walezi wakalipiwa nauli na chakula. Nyumbani wanakwenda wawili watatu, na kituo kimekwishapeleka vya kupika. Mgeni akikaribishwa, ale, hata kidogo. Sahani isiyoguswa itazungumzwa muda mrefu.

Lugha nayo iandaliwe. Vitabu vya watalii humfundisha mgeni kusema "jambo", lakini mtoto wa Dodoma au Moshi atamwambia "shikamoo". Mgeni akicheka tu au akajibu "jambo", salamu imebaki hewani na mtoto hajui amekosea wapi ili arekebishe. "Marahaba" ni neno moja, linajifunzwa ndani ya ndege. Mgeni aelezwe pia kwamba mtoto anayeinamisha macho anaonyesha adabu. Asimshike kidevu kumwinua uso. Na maswali ya baba kafa lini, mnakula mara ngapi kwa siku, yaachwe. Mtoto amuulize mgeni naye: kwenu mnafuga nini, theluji ikoje?

Upande wa pili mtoto na mlezi waandaliwe vivyo hivyo. Waambiwe wazi kwamba mgeni anakuja kusalimia, hatamchukua mtoto kwenda Ulaya. Mtoto aambiwe anaweza kukataa kupigwa picha au kukumbatiwa, na hakuna atakayemkatia ada kwa sababu hiyo. Asipoambiwa, hawezi kulijua hilo mwenyewe.

Ratiba nyingi huishia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Kundi lililojipanga huongeza mstari mmoja na kuutengea nauli: siku ya tatu baada ya wageni kuondoka, mratibu atarudi nyumbani kwa mtoto, aketi, na kumuuliza mama kama kuna mtu anamdai.