Nairobi hadi New York: Upepo Ndio Unaopanga Saa

Kutoka Nairobi hadi New York ni kama kilomita 11,800. Boeing 787, ndege iliyozindua safari ya moja kwa moja ya Kenya Airways tarehe 28 Oktoba 2018, hukata anga kwa takriban kilomita 900 kwa saa. Gawanya, utapata saa 13 na ushei. Lakini abiria anayekwenda huambiwa ajiandae kwa karibu saa 15.

Kilomita hizo zimepimwa juu ya mviringo wa dunia. Chukua tufe la darasani, uvute uzi ukaze kati ya miji hiyo miwili: utapita kaskazini mwa Uganda, Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria, kisha utaiaga Afrika kwenye pwani ya Morocco. Mstari ulionyooka kwenye ramani ya ukutani ungepitia Mali, na ungekuwa mrefu zaidi. Hata hivyo rubani haufuati uzi huo hatua kwa hatua. Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023, anga yake ilifungwa, na ndege nyingi kati ya Afrika Mashariki na Ulaya zikalazimika kuizunguka. Kuna pia muda wa kutambaa uwanjani, kupaa na kushuka.

Mlaji mkubwa wa muda, hata hivyo, ni upepo. Wengi hudhani dunia ndiyo inayojizungusha chini ya ndege. Sivyo: hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege pia, tangu ikiwa bado chini. Kinachofanya kazi ni mikondo mikali ya upepo iliyo kilomita 9 hadi 12 juu, inayovuma kuelekea mashariki. Huzaliwa na tofauti ya joto kati ya tropiki na ncha za dunia, kisha mzunguko wa dunia huipinda. Mjapani Wasaburo Ooishi aliipima miaka ya 1920 kwa kurusha maputo na kuyafuatilia kwa darubini.

Usiku wa tarehe 8 Februari 2020, dhoruba Ciara ikivuma, Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56. Ukiipima kwa ardhi, ilipita kilomita 1,300 kwa saa, bila kuvunja kizuizi cha sauti, kwa sababu ndani ya hewa iliyoibeba kasi yake ilikuwa ya kawaida.

Mtu atasema basi, unachopoteza kwenda utakipata kurudi. Hesabu inakataa, na hapa ndipo ninapoipenda zaidi. Chukua London na New York, kilomita 5,550. Bila upepo, kwenda na kurudi ni kama saa 12 na dakika 20. Weka upepo wa kilomita 150 kwa saa: mbisho unakuachia 750, safari inachukua saa 7 na dakika 24, ukikusukuma unapata 1,050, saa 5 na dakika 17. Jumla imezidi kwa dakika 21, kwa kuwa umekaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaokuzuia kuliko ule unaokusaidia.

Kwa hiyo njia za Atlantiki ya Kaskazini hupangwa upya kila siku: zile za kwenda magharibi hukwepa mkondo, zile za kwenda mashariki huuingia katikati.