Nyota aliyerudi darasani

Matamasha ya drama ya shule yanapowadia, hakosekani mtoto mmoja ambaye midomo yote humtaja. Sauti yake huujaza ukumbi, kilio chake cha kuigiza huwatoa watazamaji machozi ya kweli, na yeyote atakayethubutu kuuliza maendeleo yake katika hisabati huonekana hasidi. Nakiri kwamba mimi mwenyewe, nilipokuwa nikifundisha, niliwahi kumtoa darasani mtoto wa aina hiyo karibu muhula mzima kwa ajili ya mazoezi. Tulirudi na kikombe. Mtihani ulipofika mtoto aliambulia patupu, na miongoni mwetu tuliompigia makofi hakuna hata mmoja aliyefika kwao kumpa pole. Ndiyo maana nisomapo habari za Jodie Foster, mwigizaji wa Marekani, sisomi kwa kujiburudisha tu. Husoma kama mtu anayerudia hesabu aliyoikosea.

Foster alizaliwa Los Angeles mwezi wa Novemba 1962, kitinda mimba wa watoto wanne waliolelewa na mama peke yake. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu alionekana katika tangazo la mafuta ya kujikinga na jua, na tangu hapo kazi haikumwacha: matangazo mengine, michezo ya televisheni, kisha filamu. Mama yake ndiye aliyesimamia kazi hiyo, na mapato ya mtoto yakawa tegemeo la nyumba. Sitaki kulipamba jambo hili. Mtoto anayelisha watu wazima amebeba mzigo usio wake, hata kama mgongo wake haukupinda.

California ilikuwa imekwisha kujifunza jambo hilo kwa uchungu. Jackie Coogan, yule mvulana aliyeigiza na Charlie Chaplin katika The Kid mwaka 1921, alipofikia utu uzima alikuta mali aliyoichuma utotoni imetumiwa na mama yake pamoja na baba wa kambo. Akawashtaki mwaka 1938, na mwaka uliofuata jimbo likapitisha sheria ya kutaka sehemu ya mshahara wa mtoto mwigizaji iwekwe akiba kwa jina lake. Fauka ya hayo, kanuni za jimbo humtaka mtoto wa umri wa shule asome saa tatu kila siku ya masomo awapo kazini, mwalimu akiwa papo hapo penye kamera.

Mama Foster hakutosheka na saa tatu hizo. Alimpeleka binti yake katika shule ya Kifaransa mjini Los Angeles, ambako masomo yalifundishwa kwa Kifaransa, na mara kwa mara alimwonya kwamba kazi hiyo ingekwisha mara tu akuapo, hivyo atafute jingine la kufanya. Ni maneno makavu kuambiwa mtoto. Lakini linganisha na tunayowaambia wetu: kwamba ameshafika, kwamba dunia inamngoja!

Kiangazi cha 1975, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, aliigiza katika Taxi Driver ya mwelekezi Martin Scorsese, akiwa kahaba mtoto. Ilibidi kwanza apimwe na mtaalamu wa saikolojia, na katika baadhi ya vipande dada yake mtu mzima akasimama mahali pake. Hata hivyo, sijaridhika kwamba mtoto yeyote alipaswa kuletwa karibu na mambo yale. Mwenyewe hukumbuka zaidi Robert De Niro alivyokuwa akimpeleka mikahawani kurudia maneno ya mchezo, siku baada ya siku, hadi yakamchosha. Ndipo De Niro akaanza kuyaacha maneno yaliyoandikwa na kusema mengine, naye ikambidi ajibu kwa akili yake. Hapo ndipo msichana alipotambua kwamba kuigiza si kukariri. Walimu wa mashairi ya kughani watanielewa. Mwaka 1977, akiwa na miaka kumi na minne, jina lake lilikuwa miongoni mwa waliopendekezwa kwa Tuzo ya Oscar.

Mwenye jina kama hilo angetarajiwa kubaki Hollywood. Yeye alimaliza shule mwaka 1980 akiwa wa kwanza katika darasa lake, akatoa hotuba ya kuaga kwa Kifaransa, akaenda zake Chuo Kikuu cha Yale kusomea fasihi.

Umaarufu ulimfuata hata huko. Tarehe 30 Machi 1981, John Hinckley alimpiga risasi Rais Ronald Reagan jijini Washington, akidai kwamba alitaka kumvutia Foster, ambaye alikuwa amemwandama kwa barua na simu chuoni. Binti huyo alikuwa na umri wa miaka kumi na minane, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Waandishi wa habari walifurika chuoni. Angeacha masomo, nani angemlaumu? Alibaki, mwaka uliofuata akaandika makala kuhusu mkasa huo katika jarida la Esquire, na mwaka 1985 akahitimu kwa sifa. Tasnifu yake ilihusu riwaya za Toni Morrison, chini ya uongozi wa Henry Louis Gates, miaka minane kabla ya Morrison kutunukiwa Tuzo ya Nobel.

Alipotoka chuoni, kazi ilikuwa imepoa. Ili apewe nafasi katika The Accused ya mwaka 1988, ilimbidi afanyiwe majaribio kama mgeni. Filamu hiyo ikampa Oscar. Ya pili aliipata mwaka 1992 kwa The Silence of the Lambs, ambamo, si ajabu, aliigiza mwanafunzi, safari hii wa chuo cha makachero. Hakuwa ametimiza miaka thelathini. Filamu ya kwanza kuielekeza mwenyewe, Little Man Tate ya 1991, inahusu mvulana mwenye kipawa kikubwa mno, na yeye Foster anamwigiza mama anayemlea peke yake.

Je, ni shule iliyomwokoa? Siwezi kuapa. Drew Barrymore aliiacha shule, mahakama ikamruhusu kujitegemea akiwa na miaka kumi na minne, na bado akapata mafanikio makubwa. Wengine walisoma na hawakuonekana tena kwenye skrini. Nisemalo ni kwamba kazi ilipopoa Foster alikuwa na pengine pa kusimama, mahali palipompima kwa tasnifu na si kwa uso wake. Yule mwanafunzi wangu hakuwa na mahali hapo. Sisi ndio tuliompokonya.

Mwaka 2025, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, Foster alionekana katika tamasha la Cannes na filamu ya Kifaransa iitwayo Vie privée. Ndiye mhusika mkuu, daktari wa akili jijini Paris, na sehemu hiyo ameiigiza kwa Kifaransa, kile kile alichofundishwa shuleni.