Mdomo, Bawa na Muundi: Upimaji wa Vitwitwi na Suala la Istilahi

Makala haya yananuia kueleza namna ndege wahamaji wa ufukweni wanavyopimwa, na kuonyesha kwamba kazi hiyo, ijapokuwa ni ya wanasayansi, inamhusu pia mwanafunzi wa Kiswahili.

Katika Hori ya Mida, karibu na Watamu, kitwitwi ajulikanaye kisayansi kama Calidris ferruginea huanza kuwasili mnamo Agosti kutoka tundra ya Siberia anakozalia. Hukaa akidokoa topeni hadi Aprili au Mei, kisha hurejea kaskazini. Mwaka wa 2024 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimwingiza katika daraja la spishi zinazokabiliwa na hatari ya kutoweka. Kumpima basi si mchezo wa wapenda ndege.

Watafiti hutandika nyavu nyembamba usiku wa giza, maji yanapojaa na kuwafukuza ndege kutoka topeni. Aliyenaswa huvishwa mguuni pete ya metali nyepesi yenye nambari, mbinu ambayo Mdenmaki Hans Christian Mortensen aliiasisi mwaka wa 1899. Kisha mmoja hupima akitaja tarakimu, mwenziwe akaziandika. Uzito humbainisha aliye tayari kusafiri: kitwitwi huyu huwa na gramu 50 hadi 60 katikati ya msimu, lakini akijilimbikizia mafuta ya safari huweza kuzidi 80. Bawa hupimwa kwa rula yenye kizuizi kwenye sifuri, kuanzia kifundo linapojikunja hadi ncha ya unyoya mrefu kuliko yote. Hapa pana mtego: bawa lililolazwa bapa na kunyooshwa hutoa kipimo kirefu zaidi ya lile lililoachwa na mpindo wake, na wapimaji wawili wasioafikiana hawawezi kulinganisha daftari zao.

Je, milimita moja au mbili zina uzito gani? Jibu limo katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 kuhusu jamaa wa ndege huyu, Calidris canutus, azaliaye katika rasi ya Taimyr, Siberia. Vipimo vya zaidi ya miaka 30 vilionyesha kwamba theluji inapoyeyuka mapema, wadudu hukithiri kabla ya wakati wa makinda kuwahitaji; makinda hudumaa, na midomo yao huwa mifupi. Adhabu huwangoja mbali, huko Banc d'Arguin nchini Mauritania. Kombe waliofukiwa mchangani hawafikiwi na mdomo mfupi. Ndege hao hula zaidi mizizi ya nyasi za baharini, na wengi hufa wangali wachanga. Bila rula na subira ya miongo mitatu, nani angaliunganisha theluji ya Siberia na mchanga wa Mauritania?

Sasa tugeukie lugha. Lugha yetu haikosi majina: tuna kitwitwi, tuna pia sululu, ndege ambaye mdomo wake mrefu uliopinda unamkumbusha mtu chombo cha kuchimbia chenye jina hilohilo. Kasoro iko kwenye majina ya viungo. Mtafiti akimwagiza msaidizi wake apime "mguu", huyu atapima kuanzia wapi? Mwandishi anaonelea kuwa neno muundi lafaa, kwa kuwa wasemaji tayari hulitumia kwa sehemu ya mbele ya mguu wa mtu chini ya goti. Mwanabiolojia atapinga, na kwa haki: kile kinachoonekana kama goti la ndege linalokunjika kinyume, hasa ni kifundo cha mguu, na mfupa ulio chini yake umetokana na mifupa ya unyayo. Goti lenyewe limefichika manyoyani. Hata hivyo, istilahi hailazimiki kubeba ukweli wote wa kianatomia. Hulazimika kuwa na mipaka. Tukilikubali, fasili yake iwe hivi: muundi wa ndege ni sehemu ya mguu kutoka kifundo kinachokunjika nyuma hadi pale vidole vinapoanzia.