Mzazi, Usingoje Kuitwa Shuleni



Kwetu Singida, Januari ni mwezi wa palizi. Alfajiri watu wako shambani, kwenye mtama, uwele na alizeti. Mwezi huohuo shule hufunguliwa, na watoto wetu wadogo huanza darasa la awali. Wengi hupelekwa na kaka au dada zao. Mwalimu anapokea mtoto asiyemjua. Mzazi naye anamkabidhi mtoto wake kwa mtu asiyemjua. Hapo ndipo shida inapoanza.

Tuchukue mfano. Mtoto ana miaka mitano. Nyumbani kwao wanasema Kinyaturu. Siku ya pili darasani anataka kwenda chooni. Anasema kwa lugha ya kwao. Mwalimu ametoka mkoa mwingine, haelewi, anamwambia akae chini. Mtoto anajikojolea, wenzake wanacheka. Kesho yake analia, hataki shule. Mama anasema, "Mwalimu yule ni mkali." Mwalimu naye anasema, "Wazazi wa huku hawapendi shule." Hakuna aliyemwuliza mwenzake. Mwezi ukiisha, mtoto yuko machungani na ndama. Kumbe tatizo lilikuwa neno moja tu!

Kwa nini hatukutani?

Sisi watu wa elimu tuna kosa letu. Tumezoea kuwaita wazazi kwa mambo mawili: michango, au mtoto amekosa. Basi mzazi akisikia anaitwa shuleni, anajua ni pesa au ni kesi. Tena tunaita mkutano saa nne asubuhi, wakati wa mavuno. Wasipokuja tunasema hawana mwamko. Hilo si haki.

Wazazi nao wapo wanaosema, "Awali ni kucheza tu." Sivyo. Kwa kucheza, mtoto anajifunza kuhesabu, kusema na kukaa na wenzake. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilisema kwamba mwaka mmoja wa elimu ya awali ni wa lazima. Na shule za msingi za serikali, pamoja na madarasa yake ya awali, hazitozi ada. Kwa hiyo usiache kwenda shuleni kwa kuogopa kudaiwa ada.

Tufanye nini?

Kwanza, mpeleke mtoto wewe mwenyewe siku ya kwanza, baba au mama. Mweleze mwalimu mtoto anaitwaje nyumbani, anasema lugha gani, anaumwa nini, anaogopa nini, na nani atamrudisha nyumbani. Mwalimu amesomea kufundisha watoto, lakini huyu wa kwako wewe ndiye unayemjua.

Pili, mpe mwalimu maneno machache ya lugha ya kwenu: maji, choo, njaa, naumwa, nyumbani. Mwalimu asione haya kufundishwa. Mtoto akisikia neno la kwao, woga unapungua. Kiswahili atakijua polepole.

Tatu, jioni mwulize mtoto amefanya nini shuleni. Ahesabu kuku wanaoingia bandani. Mpe hadithi. Bibi na babu wasiojua kusoma wana hadithi nyingi. Mwalimu anaweza kuwaalika darasani wazisimulie.

Nne, ukiwa na lalamiko, usilipeleke kisimani. Mwone mwalimu kwanza. Msipoelewana, nenda kwa mwalimu mkuu, halafu kamati ya shule, ambamo wazazi wenzako wamo. Lakini mtoto akiumizwa usingoje: toa taarifa kwa mwalimu mkuu na ofisi ya kijiji siku hiyohiyo.

Nanyi walimu, mwiteni mzazi hata kwa jambo jema. Mwambieni, "Leo mwanao amehesabu mpaka kumi." Mzazi aliyeitwa kwa furaha atakuja hata siku ya tatizo. Pangeni mkutano pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, saa ambayo watu wametoka shambani. Mkiandika barua, iwe fupi, kwa herufi kubwa.

Ndugu wahitimu wa kisomo, ninyi mnalijua jambo hili kuliko wengi. Mnakumbuka siku ile mliposhika kalamu mara ya kwanza? Mkono ulitetemeka. Mlirudi kesho yake kwa sababu mwalimu aliwasalimu kwa heshima na akawangoja. Kama mtu mzima alitetemeka, je, mtoto wa miaka mitano?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwalimu peke yake hawezi, na mzazi peke yake hawezi. Basi wiki hii, ukitoka shambani, pitia shuleni. Mwamkie mwalimu wa awali, umwulize, "Mwanangu anaendeleaje?" Swali hilo halina mchango.