Nta ya Moto: Sanaa Nzuri, Lakini Chunga Ngozi na Mapafu

Wiki hii naacha kidogo malaria na kuhara ili nijibu swali la mwalimu mmoja wa hapa Habaswein. Anataka kuwafundisha wanafunzi wake kuchora kwa nta iliyoyeyushwa na kutiwa rangi. Si picha za twiga na machweo, bali maumbo tu: nyufa za matope ya kinamasi cha Lorian yanapokauka, au chembechembe za damu alizoziona kwa darubini. Je, kazi hii ina madhara kwa afya?

Sanaa yenyewe ni kongwe. Huko Fayum, Misri, kati ya karne ya 1 na ya 3, nyuso za wafu zilichorwa kwa nta ya nyuki, na nyingi zingali na rangi yake. Nta huyeyushwa, huchanganywa na rangi ya unga, hupakwa kwenye ubao, kisha hupashwa moto tena ili tabaka zishikane. Moto hauepukiki, na hapo ndipo daktari anapoingia.

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 64 hivi. Haihitaji zaidi ya hapo sana. Ikiwekwa moja kwa moja juu ya jiko la makaa, joto hupanda haraka, nta huanza kutoa moshi, na moshi huo una akrolini, hewa inayowasha macho na kubana kifua. Mwenye pumu atajua mara moja. Ikizidi kupata moto, nta huwaka kama mafuta ya kukaangia. Ukiona hivyo, usimwagie maji hata kidogo! Funika kwa kifuniko na uondoe moto.

Dawa yake ni rahisi: weka kopo la nta ndani ya sufuria yenye maji. Maji hayapiti nyuzi 100, basi nta nayo itakuwa salama, mradi maji yasikauke. Jiko liwe nje, kivulini. Makaa yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo huua watu usingizini.

Kuhusu rangi, jihadhari na za unga zenye risasi au kadimiamu. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Afadhali masizi au udongo mwekundu uliopepetwa. Hata hivyo vumbi ni vumbi, na mji huu jina lake lenyewe kwa Kisomali lataja vumbi, hatuhitaji kujiongezea. Lowesha unga kwa mafuta kidogo ya kitani kabla ya kuukoroga.

Mwalimu aliuliza pia kama anaweza kutia hagar au manemane ili nta iwe ngumu, kama wachoraji wengine wanavyotia utomvu wa miti ya Asia. Hagar naiheshimu, maana wafugaji huipaka ngamia kufukuza kupe. Lakini kuichemsha mbele ya watoto 40 sipendekezi. Moshi wa utomvu ni moshi, hata ukinukia.

Sasa ajali. Niliwahi kumtibu mtoto aliyemwagikiwa nta ya mishumaa mkononi. Nyumbani alikuwa amepakwa samli na dawa ya meno, kisha nta ikabanduliwa kwa nguvu, ikatoka na ngozi. Mama yake hakuwa mzembe. Ndivyo alivyofunzwa na nyanya yake. Vidole viwili vya mtoto huyo havinyooki vizuri hadi leo.

Nta moto hunata na kuendelea kuunguza. Mimina maji baridi safi juu yake kwa dakika 20. Najua maji hapa ni ya taabu, lakini haya ndiyo matumizi yake bora, na ya kisima yenye chumvi kidogo yanafaa. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba. Nta iliyoganda iache, wahudumu wa afya wataitoa. Funika kwa kitambaa safi, na uende hospitali ikiwa jeraha limezidi kiganja cha mgonjwa, liko usoni, mkononi au kwenye kiungo, au mgonjwa ni mtoto mdogo. Ulizia pia sindano ya pepopunda.

Nimemwambia mwalimu aanze na wanafunzi watano kwa zamu, na ndoo ya maji iwe tayari pembeni kabla kiberiti hakijawashwa.